Somo: Filimbi ya kioo inatoa pumzi tu? Soma hapa kwanza

Wiki hii wameniuliza watu wanne jambo lile lile. Naandika mara moja, iwe hapa.

1. Vua pete za vidoleni.

2. Ifute ndani kwa kitambaa kikavu.

3. Usizibe tundu lolote la vidole. Mdomo wa chini ufunike kama robo ya tundu la kupulizia, na pumzi ipige ukingo wa ng'ambo: nyingine iingie, nyingine ipite juu. Mliozoea nzumari ndio mnaohangaika zaidi, mashavu yamejaa upepo. Filimbi haitaki nguvu, inataka mwanya mwembamba wa midomo.

4. Ziba tundu moja moja kuanzia juu, kwa nyama ya kidole, si ncha. Kisha itazame kwenye mwanga, kioo kitakuonyesha. Palipozibika vyema ngozi iliyobanwa ni duara jeupe kamili. Duara likikatika kama mwezi mwandamo, hapo panavuja.

5. Kizibo cha kichwani, kile kilichomo ndani upande wa tundu la kupulizia. Kutoka katikati ya tundu la kupulizia hadi kwenye kizibo pawe karibu sawa na upana wa ndani wa filimbi. Piga noti ya chini, kisha hiyo hiyo ya juu. Ya juu ikiwa imeshuka, sogeza kizibo karibu na tundu. Ikiwa imepanda, kirudishe nyuma. Nusu milimita tu kila mara. Yangu ya kwanza niliisukuma kwa bisibisi. Kizibo kilikuwa kikavu, kikakwama, nikakaza mkono. Kikaachia ghafla, chuma kikagonga ukingo wa tundu. Kilibanduka kipande kidogo kuliko punje ya mtama, na sauti ile haikurudi tena. Kwa hiyo: ufito wa mti wenye ncha bapa, mafuta ya mgando kidogo kwenye kizibo, zungusha huku ukisukuma. Usitie chuma ndani. Usiipashe moto ili kizibo kilegee.

Maswali

*Kijana wa Langoni:* Yangu hailii kabisa, nifanyeje?
— Umefika hatua ya ngapi?

*Kijana wa Langoni:* Sijasoma yote, ni ndefu.
— Basi soma. Nimeshajibu.

*Binti wa Mkomani:* Shikamoo mwalimu. Asubuhi iko chini, adhuhuri inapanda. Kioo kinatanuka?
— Marahaba mwanangu, umesikiliza vizuri. Kioo hakitanuki kiasi cha kusikika. Ni hewa iliyomo. Ikipata joto, sauti husafiri kwa kasi zaidi na noti hupanda: nyuzi 10 za Selsiasi ni karibu theluthi ya nusu toni. Ipumulie taratibu kabla ya kupiga. Mti, wenyewe, hubadilika na unyevu, na ndiyo sababu Claude Laurent, fundi wa saa, alichukua hataza ya filimbi za kioo Paris mwaka 1806. Moja aliyomtengenezea Rais James Madison mwaka 1813 imehifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani.

*Mvuvi wa Shela:* Nyumbani inalia, ufuoni kimya.
— Kusi linapeperusha pumzi yako kabla haijafika ukingoni, ndugu yangu. Kaa dakani, pale ukumbini mwa mlango wa nje, kuta zile za mawe na chokaa zitakurudishia sauti yako uisikie.

*Mama Fau:* Na jasho hili? Inateleza mdomoni.
— Bandika stempu ya barua pale mdomo wa chini unapokaa, dada.

*Mvuvi wa Shela:* Plasta ya kidonda inashika zaidi.
— Kweli, ila isifike ukingoni mwa tundu.