Kituruki: jinsi ya kutofautisha "ya Asha" na "imetoka kwa Asha"

Ukianza kujifunza Kituruki utakwama hapa mapema tu, na anayekuponza ni Kiswahili chako mwenyewe. Sisi -a inafanya kila kazi, barua ya Asha inaweza kuwa mali yake au yeye ndo kaituma, na ukisema mtu wa Tanga hamna anayefikiri Tanga inammiliki. Mturuki hizo kazi kazigawa, kila moja ina mkia wake unaobandikwa nyuma ya neno.

Anza na umiliki. Mwenye mali anatangulia, kinyume na sisi, afu unambandika -ın, -in, -un au -ün. Ipi? Angalia irabu ya mwisho: a na ı zinachukua ın, e na i zinachukua in, o na u un, ö na ü ün, na neno likiishia na irabu unachomeka n katikati. Ev ni nyumba, inakuwa evin. Asha inakuwa Asha'nın (kile kikoma cha juu ni cha majina ya watu na mahali, kwenye kuongea hakisikiki ila kwenye kuandika wanakidai).

Usiishie hapo sasa, mi ndo nilipoumbuka. Mlango uliharibika nikamwambia mwenye nyumba "evin kapı", mzee kabaki ananiangalia anasubiri nimalizie, na kweli nilikuwa sijamaliza. Kinachomilikiwa nacho lazima kivae mkia: evin kapısı. Ni -sı kwa sababu kapı inaishia na irabu, ingekuwa konsonanti ni irabu tupu, Asha'nın telefonu. Kusema Asha ana gari ongeza var tu: Asha'nın arabası var, yaani gari la Asha lipo.

Kutoka ni rahisi: -dan au -den, ila d inageuka t neno likiishia na f, s, t, k, ç, ş, h au p. Wenyewe wanazikariri kwa "fıstıkçı Şahap", Şahap muuza karanga. Tanga'dan, Türkiye'den, uçaktan (kutoka kwenye ndege). Na ile barua: Asha'dan mektup, kaituma yeye, hamna ubishi.

Ila ukiulizwa nerelisin, we mtu wa wapi, jibu Tangalıyım, huo -lı ni mkia mwingine kabisa na -yım ndo mimi. Ukijibu Tanga'dan geliyorum watajua umetua sasa hivi, wataanza kukuuliza habari za safari.