Kabla ya kuhamisha orodha ya wateja, jaribuni mistari kumi

Wenye depo hapa Birere mnaotoa majina ya wateja kwenye Excel kuyapeleka kwenye programu mpya, msianze na faili zima. Mistari kumi inatosha. Excel ya Kifaransa, ambayo wengi wetu hapa Goma tunayo, ikihifadhi CSV (faili la maandishi matupu ya jedwali) hutenganisha safu kwa nukta-mkato (;), si mkato (,). Programu isipoambiwa, mstari mzima unarundikana kwenye safu moja. Na safu ya simu iwekeni kuwa maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inamezwa: 099 inabaki 99. Mimi nilizirudisha kwa mkono, usiku, na umeme wenyewe ule wa kuja na kwenda. Kwa herufi, chagueni UTF-8, mfumo unaotunza hata herufi zenye alama kama é. Mama Hélène asije akaitwa HÃ©lÃ¨ne.