Kupanga vifaa janja vya nyumbani visivurugike umeme ukikatika na kurudi

Umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku wa manane, jina la Wi-Fi, nywila na ratiba ulizoweka havifutiki. Kwa kawaida vimeandikwa kwenye kumbukumbu ya flashi ndani ya swichi au balbu yenyewe, na kumbukumbu hiyo haihitaji umeme ili itunze kilichoandikwa. Lakini watu huamka na kukuta taa za nyumba nzima zinawaka, balbu mbili zinapepesa zikitaka kuunganishwa upya, na taa ya nje imekaa giza usiku kucha. Karibu uharibifu wote huo hutokea umeme unaporudi. Kwa hiyo hatua zifuatazo zinapanga kurudi kwa umeme: kila kifaa kiamke katika hali gani, kwa mpangilio upi, na kipate wapi saa.

Hatua ya 1: Amua kila kifaa kiamke vipi

Chukua karatasi, zunguka nyumba, na mbele ya kila kifaa andika neno moja kati ya haya matatu: *zima*, *washa*, *mwisho* (yaani kirudie hali kiliyokuwa nayo).

Chochote chenye moto au mota kiandikie *zima*: pampu ya maji, hita ya kuogea, pasi, jiko. Pampu iliyokuwa ikijaza tangi umeme ulipokatika saa 10 jioni, ikijiwasha yenyewe saa 8 usiku, itamwaga maji mpaka asubuhi. Kama kisima kimekauka itazunguka bila maji na kuunguza sili (kizuizi cha maji yasivuje). Hapa usikubali hali ya *mwisho* hata kidogo.

*Washa* ni ya soketi zinazolisha ruta, kitovu cha vifaa (hub, kisanduku kinachoviunganisha) na kamera. Friji ni afadhali usiiweke kwenye soketi janja kabisa. Ichomeke kwenye fridge guard.

Taa za sebuleni na jikoni zinafaa *mwisho*. Za chumba cha kulala ziwe *zima*, maana taa iliyokuwa inawaka saa 3 usiku itamwamsha mtoto umeme ukirudi saa 9. Taa ya nje ina ugumu wake, nitaieleza kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 2: Weka uamuzi huo ndani ya kifaa

Ni muhimu mpangilio huu ukae ndani ya kifaa chenyewe, kwa sababu umeme ukirudi swichi huamka ndani ya sekunde moja au mbili, wakati ruta huweza kuchukua dakika mbili au zaidi kusimama.

Kwenye swichi za Sonoff, fungua programu yake ya simu, eWeLink, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, tafuta “Power-on State”. Vifaa vya Tuya kwenye programu ya Smart Life vina kipengele kama hicho, mara nyingi kikiitwa “Relay Status” au “Power-on Behavior”. Bidhaa za bei ya chini kabisa huwa hazina. Hizo zitumie mahali ambapo kuamka zikiwa zimezimwa hakuna madhara. Balbu za Philips Hue ziwekwe “Power loss recovery”, la sivyo hurudi zikiwaka kwa mwanga wote. Kwa Zigbee2MQTT (programu ya kompyuta inayoendesha vifaa vya Zigbee, yaani vinavyotumia redio yao badala ya Wi-Fi), kifaa kinachokubali kina `power_on_behavior`; andika `off`, `on` au `previous`.

Shelly, aina nyingine ya swichi janja, ina chaguo la nne, kufuata swichi ya ukutani. Ni zuri kwa swichi za kawaida za kubofya na kubaki, ila kama swichi yako ni ya kubonyeza na kuachia, usilitumie.

Tasmota (programu mbadala inayowekwa ndani ya swichi) huwekwa kwa amri kwenye konsoli, yaani ukurasa wake wa kuandikia amri:

`SetOption0 1` kifaa kihifadhi hali yake
`PowerOnState 3` kirudie hali ya mwisho
`PowerOnState 0` kwa pampu na hita

Kuna kosa moja la Tasmota linalosumbua watu wengi: swichi imewekwa `PowerOnState 0`, lakini sekunde chache baada ya kuamka inajiwasha. Chanzo ni ujumbe wa amri uliohifadhiwa kwenye seva ya MQTT, programu inayopitisha ujumbe kati ya vifaa. Mtu, au otomesheni (amri inayojiendesha yenyewe), alituma amri ya kuwasha ikiwa na alama ya kuhifadhiwa (retain), kwa hiyo kila kifaa kinapoungana upya seva inakikabidhi amri ile ya zamani. Ifute kwa kutuma ujumbe mtupu wenye alama hiyo hiyo kwenye mada (topic, anwani ya ujumbe) hiyo hiyo, kisha uondoe alama hiyo kwenye kilichoituma.

Kwa ESPHome (programu nyingine ya ndani ya kifaa, ambayo mipangilio yake unaiandika mwenyewe kwenye faili) kuna jambo ambalo lazima ulijue. Chipu ya ESP8266, usipoiambia vingine, hutunza hali ya swichi kwenye kumbukumbu ya RTC. Hiyo inavumilia kifaa kujiwasha upya, lakini haivumilii kukatika kwa umeme. Ndiyo maana swichi hufaulu jaribio la kuiwasha upya kutoka kwenye simu, halafu inasahau kila kitu siku ya mgao. Kwenye faili hilo andika hivi:

```yaml
esp8266:
  restore_from_flash: true

preferences:
  flash_write_interval: 1min

switch:
  - platform: gpio
    name: "Taa ya sebule"
    pin: GPIO12
    restore_mode: RESTORE_DEFAULT_OFF
```

Ile dakika moja inamaanisha kwamba badiliko lililofanyika sekunde 20 kabla ya umeme kukatika linaweza lisiandikwe. Usiishushe mpaka sifuri ikiwa kifaa kinahifadhi thamani inayobadilika kila mara, kwani flashi ina kikomo cha idadi ya maandishi na utaichakaza. Kwa pampu weka `ALWAYS_OFF`.

Papo hapo, angalia `reboot_timeout` chini ya `api:` na `wifi:`. Kwa kawaida ni dakika 15: kifaa kisipoipata Home Assistant (programu ya kompyuta inayoongoza vifaa vya nyumba nzima) au Wi-Fi kwa muda huo, kinajiwasha upya, na kitaendelea hivyo kila robo saa mpaka ruta au kompyuta irudi. Kwenye rilei (swichi za ndani) za taa weka `0s`.

Hatua ya 3: Zuia umeme wa kupepesa usifute balbu

Hapa ndipo mipangilio hupotea kwelikweli. Balbu haina kitufe, kwa hiyo watengenezaji wengi wameamua kwamba ukiizima na kuiwasha haraka mara 3 au 5, ijisahaulishe na kuanza kupepesa ili iunganishwe upya. Umeme wetu nao mara nyingi haurudi kwa mkupuo mmoja. Unakuja sekunde mbili, unaondoka, unakuja tena. Balbu inahesabu, kisha inajifuta.

Tasmota ina tabia hiyo hiyo: kuwashwa kwa haraka mara 7 mfululizo hurudisha kifaa kwenye mipangilio ya kiwandani. Ifunge kwa `SetOption65 1`. Balbu nyingi za Tuya na Zigbee hazikuruhusu kuifunga, hivyo dawa yake iko kwenye nyaya.

Mwambie fundi umeme akufungie kidhibiti cha volteji kwenye boksi la breka, chenye namba za kusoma na muda wa kusubiri unaoweza kupangwa. Uwezo wake usiwe chini ya breka kuu; kama breka ni ya ampea 63, nacho kiwe cha 63. Mipangilio inayofaa kwa umeme wa volti 230: kikate chini ya 190, kikate juu ya 255, na kisubiri sekunde 180 za umeme uliotulia kabla ya kurudisha. Ukipepesa ndani ya dakika hizo tatu, kinaanza kuhesabu upya, na balbu hazioni chochote. Usiweke kiwango cha chini kuwa 210 mahali ambapo volteji hushuka kila jioni, utajikatia umeme mwenyewe kila saa 1 usiku.

Hatua ya 4: Ruta na kitovu visizimike

Nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya umeme wa DC, ile ya ukubwa wa kitabu inayochomekwa moja kwa moja kwenye ruta. Soma kwanza adapta ya ruta: volti 12, 9 au 5, na alama inayoonyesha kama chanya iko katikati ya pini. Kisanduku cha faiba nacho kiingie humo, maana ruta inayowaka bila faiba haileti intaneti.

Kuhusu muda, usidanganywe na namba ya mAh. Betri iliyoandikwa 8800 mAh imepimwa kwa volti 3.7 za seli, siyo 12 za ruta. Piga hivi: 8.8 × 3.7 ni kama 32.5 Wh. Toa sehemu moja kwa tano hivi, inayopotea kwenye kupandisha volteji, zinabaki 26. Ruta inayokula wati 6 pamoja na Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo inayoendesha Home Assistant) inayokula wati 6 ni wati 12, kwa hiyo utapata saa mbili na dakika kumi tu, betri ikiwa mpya. Mgao wa saa nne unahitaji betri mara mbili ya hiyo.

Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Tundu la USB la UPS nyingi ndogo hutoa ampea 2. Pi itawaka, lakini disiki ikianza kuandika volteji inashuka, na mafaili yanaharibika hata kabla umeme haujakatika.

Memori kadi ya Pi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Ikikatwa katikati ya kuandika, mfumo mzima unaweza usiwake tena. Hamishia Home Assistant kwenye diski ya SSD. Ukibaki na kadi, angalau ongeza `commit_interval: 30` chini ya `recorder:`, kiwango cha kawaida ni sekunde 5, kumaanisha inaandika bila kupumzika.

Hatua ya 5: Saa, na ratiba iliyopitwa

Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina betri ya saa. Zikiwaka kabla intaneti haijarudi, zinaanza na saa iliyobaki nyuma. Funga moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032. Raspberry Pi 5 ina saa ndani, ila betri yake unainunua mwenyewe.

Hata saa ikiwa sahihi, ratiba iliyopita haijirudii. Taa ya nje iliyopangwa kuwaka saa 12:30 jioni, umeme ukikatika saa 11 na kurudi saa 2 usiku, haitawaka mpaka kesho. *Mwisho* haisaidii, kwa kuwa hali ya mwisho ilikuwa kuzimwa. Inatakiwa otomesheni ya Home Assistant inayoliuliza jua kama limezama:

```yaml
alias: Taa ya nje umeme ukirudi
triggers:
  - trigger: homeassistant
    event: start
  - trigger: state
    entity_id: switch.taa_ya_nje
    from: "unavailable"
actions:
  - delay: "00:02:00"
  - condition: state
    entity_id: sun.sun
    state: below_horizon
  - action: switch.turn_on
    target:
      entity_id: switch.taa_ya_nje
```

Kichocheo cha pili ni kwa sababu kompyuta iliyo kwenye UPS haikuzimika, kwa hiyo “start” haitatokea. Kwa vifaa vya Zigbee2MQTT washa kwanza `availability`, la sivyo swichi haitaonekana kuwa imepotea.

Home Assistant yenyewe huandika hali za vitu kila dakika 15 na inapozimwa kwa utaratibu. Ikikatwa ghafla, `input_boolean` inaweza kurudi na hali ya robo saa iliyopita. Na ukiwa umeandika `initial:`, haitarudisha kabisa, ifute. Kwa `timer`, ongeza `restore: true`.

Hatua ya 6: Anwani na bakapu

Kwenye ruta, tengea kila kifaa anwani yake ya IP ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kiwandani). Ruta nyingi husahau orodha zikizimika, zinagawa anwani upya, na kinachotafuta kamera kwenye anwani inayoishia .23 kinakutana na televisheni.

Bakapu ya Home Assistant ipangwe ijifanye kila usiku na nakala itoke nje ya kompyuta hiyo. Kwa kawaida bakapu hizo hufungwa kwa ufunguo. Uandike kwenye karatasi, kwani bila huo faili halifunguki. Zigbee2MQTT nayo ina `coordinator_backup.json`, ukiwa nayo, dongle (kipokezi cha USB cha Zigbee) ikiungua utanunua nyingine ya aina ile ile bila kuunganisha upya kila kihisi. Tasmota ina “Backup Configuration”, faili dogo la .dmp kwa kila kifaa.

Hatua ya 7: Jaribu

Mchana, zima mein swichi kwa dakika 20, siyo sekunde 20, ili kapasita zimalize chaji. Washa, kaa dakika tano bila kugusa kitu, kisha zunguka na ile karatasi ya hatua ya 1. Baadaye zima na kuwasha mein swichi mara 5 kwa mapumziko ya sekunde mbili, ukiwa umechomoa friji na televisheni. Kama kidhibiti kimefungwa sawasawa, hakuna balbu itakayopepesa. Rudia jaribio kila unapoongeza kifaa au kusasisha programu yake ya ndani, maana sasisho huweza kurudisha “Power-on State” kwenye hali ya kiwandani bila kukuarifu.