Meza ya kikundi cha historia siku ya urithi: tunavyofanya Tanga

Kikundi cha historia kikialikwa kwenye siku ya urithi, wanachama hukimbilia mabango: picha ya boma la Mjerumani, orodha ya tarehe, na mtu wa kusimama pembeni kueleza. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo hapa Tanga, na wenzangu wanaoanza huwaambia hivi: nendeni kukusanya kwanza, kufundisha baadaye. Watu wanaopita mbele ya meza yenu wana picha kabatini, vyeti chini ya godoro na majina kichwani ambayo hayajaandikwa popote. Mzee akifariki, wajukuu wanahamia Dar, sanduku linafunguliwa na vitu vinachomwa pamoja na takataka. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu nayaandika haya.

Anza na kalenda. Siku ya urithi duniani ni 18 Aprili na ya makumbusho ni 18 Mei, na zote mbili hapa kwetu zinaangukia masika. Kama hamna ukumbi au baraza pana, msihatarishe karatasi za watu kwa mvua. Sisi tunapendelea 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Kipupwe kimeingia, ardhi imekauka, na Tanga ina haki yake siku hiyo: Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909. Barua ya ruhusa ipelekeni mapema kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, nakala kwa afisa utamaduni. Mkipeleka mkononi na kukaa kuzungumza, mtapata na majina ya wazee wa kuwaalika.

Mezani, kitu cha kwanza ni ramani ya Ngamiani, mitaa ya hapa mjini. Ichapisheni kubwa kwa wale mafundi wa mabango, na muilaze juu ya meza ili mtu aliyeketi aione vizuri. Ngamiani barabara zake zina namba, na mtu wa Ngamiani ukimtajia barabara yake hanyamazi. Atakuonyesha nyumba yao, kisha nyumba ya jirani aliyekuwa na gramafoni, kisha kilipokuwa kisima. Wekeni vikaratasi vya gundi na kalamu, kila mtu aandike na abandike mwenyewe. Picha zenu za zamani pangeni chache tu, zile zenye nyuso zisizo na majina, na chini ya kila moja acheni mistari mitupu. Bango lililojaa maneno watu hulisoma na kupita. Mistari mitupu huwasimamisha.

Viti viwe na mgongo, kivuli kiwe cha kweli, maji yawepo. Wapangieni bibi zetu watu wa kuwahoji ambao ni wanawake, maana kuna habari za ngoma, za unyago na za ndoa ambazo hawatazisema mbele ya kijana wa kiume, na wana haki hiyo.

Kuhoji kuna namna yake. Ukianza na "ilikuwa mwaka gani?" utapata kubahatisha. Muulize mtu kwa matukio: kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya Azimio la Arusha? Vita vya Kagera vilikukuta una mtoto wa kwanza au bado? Mvua za El Niño za mwaka 1997 ulikuwa ukiishi wapi? Mwaka utautafuta wewe mwenyewe ukifika nyumbani. Halafu mwache aseme. Ukimkatiza kumsahihisha jina la bwana shauri fulani, yule mkuu wa wilaya wa enzi za ukoloni, umeshampoteza.

Sasa picha na karatasi zenyewe. Kanuni yetu haina mlango wa pembeni: kitu cha mtu hakiondoki mbele ya macho yake. Hatuazimi, hatubebi "tukuletee kesho". Tandaza kitambaa cheusi kisichong'aa mahali penye kivuli chenye mwanga, laza picha, weka rula pembeni, simama juu yake na simu iliyolala sambamba na meza, zima flashi. Piga mbele, geuza, piga na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kwenye mhuri wa studio na maneno ya shangazi. Picha iliyoganda kwenye albamu usiibandue, ipige hapo hapo ilipo. Kalamu ya wino isiguse picha ya mtu kamwe. Na mtu akikuambia anataka kuipeleka ikapigwe laminesheni, mwombe kwa upole asifanye hivyo, ile plastiki haitoki tena.

Mama mmoja alituletea kipande cha baba yake, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni wa sukari. Ilikuwa kadi ya kazi ya shamba la mkonge, yenye visanduku vya siku 30, alama zimetiwa kwa penseli, na karibu na mwisho visanduku vitupu. Tulidhani alama zimefutika. Yeye akasema hapana, hizo ndizo siku alizougua, na kipande kisipojaa hakuna mshahara. Kisha akatueleza korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ilivyokuwa ikinguruma usiku, na baba alivyokuja kutoka mbali kama manamba, kibarua wa mkataba wa mashambani, asirudi kwao tena. Karatasi tuliipiga, lakini sauti yake ndiyo iliyoipa karatasi maana. Kwa hiyo rekodini papo hapo, kitu na mwenye kitu pamoja, na namba moja itumike kwa picha, kwa sauti na kwa fomu.

Fomu ya ridhaa iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: jina litajwe au lisitajwe, nakala ionyeshwe hadharani au ibaki kwetu. Isomeni kwa sauti. Sahihi au dole gumba, vyote sawa.

Mtaulizwa habari za nyuki wa vita vya Tanga, hilo halikwepeki. Semeni ukweli wake: Novemba 1914 Waingereza walileta kikosi kutoka India, askari wapatao 8,000, wakashukia upande wa Raskazone, na jeshi la Wajerumani chini ya kamanda von Lettow-Vorbeck, dogo mno kuliko lao na lenye askari wengi Waafrika, likawarudisha melini. Nyuki walikuwepo kweli na waliwauma wa pande zote. Ila msiishie hapo. Ulizeni nani ana babu aliyekuwa askari au mpagazi, maana majina ya hao ndiyo yanayokosekana.

Mkiongeza safari ya magofu ya Tongoni, kusini mwa mji, nendeni na watu wachache na muongee kwanza na wanakijiji na mhifadhi. Yale ni makaburi na msikiti. Hakuna kupanda juu ya kaburi kupiga picha, hakuna kuegemea nguzo, na kigae cha chungu kibaki kilipolala. Kuchimbua bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na watoto waelezwe kabla ya kupanda gari.

Jioni hiyo hiyo, kabla hamjachoka mno, hamisheni kila kitu kwenye diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Wiki zinazofuata chapisheni nakala na mzipeleke kwa wenyewe majumbani, kwa miguu, mtu na picha yake. Nakala ya wale waliokubali ionyeshwe hadharani ipelekeni shule ya mtaa ule na makumbusho ya Urithi pale boma la zamani. Bebeni na fomu za ziada, kwa sababu mkifika nyumbani kwa mtu na picha ya marehemu mama yake, iliyo safi na yenye jina lake chini, atawaambia mngoje kidogo, aingie ndani akalete nyingine.