Akikutajia nadharia, mwombe namba

Ukibishana hesabu na mtu, akaanza kukurushia "ni dhahiri kwa mujibu wa nadharia fulani" au "profesa wangu alishalimaliza hili", achana na cheo. Mwambie tu: haya, tuweke namba ndogo. Akidai mraba wa jumla ni sawa na jumla ya miraba, weka 1 na 2. Upande mmoja unapata 9 (3 mara 3), wa pili 5 (1 na 4). Imekwisha, na hakuna aliyetukanwa.

Hata wakubwa hunaswa hivyohivyo. Fermat, mwanahisabati maarufu wa Ufaransa, aliamini kwamba ukiipa 2 kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea maradufu, kisha ukajumlisha 1, utapata namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) kila mara. 3, 5, 17, 257, 65,537: kweli, zote tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Jina la Fermat halikuiokoa.

Ila mfano mmoja huvunja dai tu, haulithibitishi. Na msamiati usioujua, uliza maana yake palepale. Anayeuelewa kweli huwa hakasiriki (mara nyingi).