SOMO: Kulipa Yaka (umeme wa kulipia kabla) na maji kwa simu bila kukatwa ovyo

Haya wandugu, mmeniuliza sana kati ya MoMo ya MTN, Airtel Money na apu ya benki ipi inakata kidogo, basi leo naandika vile mimi nafanya hapa kwangu Ntinda, Kampala, Uganda.

Kwanza, usitoe keshi. Ile kodi ya serikali ya 2018 kwa pesa za simu ilianza na 1%, watu wakapiga kelele ikashushwa mpaka 0.5% na ikabaki kwa kutoa pesa tu. Kwa hiyo ukitoa kwa wakala unakatwa ada ya kutoa, na kodi, alafu bado boda ya kwenda kulipa! Ukilipa bili moja kwa moja kutoka kwa simu kodi hiyo haikugusi.

Pili, linganisha. Piga *165# kwa MTN au *185# kwa Airtel, ingia kwenye malipo, chagua Yaka, weka namba ya mita na kiasi, ikikuonyesha ada kabla ya PIN andika pembeni alafu ghairi, jaribu laini ya pili na apu ya benki. Isipoonyesha, soma lile bango la ada kwa wakala. Ada zinapanda kwa madaraja ndiyo maana elfu tano tano kila siku zinakula pesa bila wewe kujua. Na kama mshahara uko benki usihamishie kwanza kwa MoMo, kule kuhamisha nako wanakata, lipa hapo hapo ilipo.

Tatu, jina. Soma jina la mita linalotokea. Mimi siku moja nilikosea namba nikanunua umeme wa 50,000 kwa mita ya jirani, tokeni (zile namba za kuingiza kwenye mita) ikaja kwangu lakini mita yangu ikaigomea, nikabidi nimpelekee aingize yeye, pesa akanilipa kidogo kidogo karibu miezi miwili 😂

Sasa hapa kwa Yaka ndipo wengi wanaliwa. Uniti 15 za kwanza za kila mwezi kwa mita ya nyumbani ni shilingi 250 kila moja, ukiongeza VAT ya 18% zote zinakuja 4,425. Baada ya hapo uniti ni ghali zaidi. Ukinunua ya miezi mitatu kwa mpigo eti unakwepa ada, umeokoa ada mbili lakini umepoteza zile 15 za bei rahisi za miezi miwili, maana hazihamii mwezi ujao. Hasara hiyo inaweza kuzidi ada. Mimi nanunua mara moja mwezi, tarehe za mwanzo, basi.

MASWALI

Wa Arua: Pesa imekatwa tokeni haijaja, ninunue tena?
Jibu: Hapana! Tunza ile namba ya muamala, subiri kidogo, alafu pigia kastama kea wa laini uliyotumia. Ukinunua tena utakuwa na mbili.

Wa Jinja: Nyumba niliyohamia ilikaa tupu muda mrefu, mita inakataa tokeni zote.
Jibu: Huenda haikusasishwa. Mita za tokeni dunia nzima zilitakiwa kusasishwa kabla ya 24 Novemba 2024. Nenda ofisi ya UEDCL, shirika la serikali lililochukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni ya Umeme 2025, na namba ya mita mkononi, uombe namba za kusasisha uziingize kabla ya tokeni yenyewe.

Wa Masaka: Na maji ya NWSC (shirika la maji) ninunue mwanzo wa mwezi pia?
Jibu: Maji unalipia uliyokwisha tumia, hakuna ujanja huo. Lipa bili yote mara moja, ada moja, kabla hawajakata maana kurudishiwa nako unalipa.

Wa Kawempe: Tuko wapangaji wanne mita moja, kila mtu akinunua kivyake si tunapata 15 kila mmoja?
Jibu: Zinahesabiwa kwa mita siyo kwa mtu ndugu yangu. Anayenunua wa kwanza ndiye anaonekana kapata uniti nyingi na nyinyi mnamtuhumu bure. Changeni, mmoja anunue. Au mbaneni mwenye nyumba aweke mita za kila mlango.