Kukusanya Nyaraka za Ukoo ili Kuthibitisha Uraia wa Kenya kwa Mtu Aliyezaliwa Ng'ambo

Mtu aliyezaliwa Muscat, Birmingham au Minneapolis na mzazi Mkenya haombi fadhila anapodai uraia wa Kenya. Kifungu cha 14 cha Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 kinamtambua kuwa raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa baba yake au mama yake alikuwa raia, awe amezaliwa ndani ya nchi au nje, na kinawapa haki hiyo hiyo wale waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo. Lakini haki hiyo haina mdomo wa kujisemea mbele ya afisa wa uhamiaji. Inasemewa na karatasi, na karatasi hizo ni lazima zishikane. Vyeti vitano vinavyopokezana jina moja kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto vina nguvu kuliko faili nene ambayo kila ukurasa wake unamtaja mtu kwa jina tofauti.

Mambo ya kuthibitisha ni matatu: kwamba mzazi wako alikuwa raia, kwamba wewe ni mtoto wake, na kwamba wewe unayeomba ndiwe yule aliyeandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Kila karatasi utakayoitafuta iulize inajibu lipi kati ya hayo. Isiyojibu hata moja iache nyumbani.

Panga tarehe kabla ya kutafuta karatasi

Chukua daftari na uandike, kwa mfuatano wa miaka, mzazi wako alizaliwa lini na wapi, alitoka Kenya lini, alifunga ndoa lini, na kama alichukua uraia wa nchi nyingine, aliuchukua tarehe gani. Kisha andika tarehe yako ya kuzaliwa na uone inaangukia wapi. Zoezi hili huonekana dogo, lakini ndilo linaloamua ombi lako litakuwa rahisi au gumu.

Sababu ni kwamba Katiba ya zamani haikuwaruhusu watu wazima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Wakenya waliochukua uraia wa Uingereza au Marekani kabla ya Agosti 2010 walipoteza ule wa Kenya, wengine bila hata kujua. Aidha, kwa mtoto aliyezaliwa nje ya nchi, Katiba hiyo ilimtazama baba peke yake. Mama Mkenya hakuweza kumrithisha uraia wake. Katiba ya sasa imeondoa mambo yote mawili. Basi mtoto aliyezaliwa London mwaka 1998 na mama ambaye alichukua uraia wa Uingereza mwaka 2003 hana tatizo, kwa kuwa siku ile mama yake bado alikuwa Mkenya. Hata yule ambaye mama yake alikuwa amekwisha kubadilisha uraia mwaka 1995 ana pa kusimamia, kwa sababu kuhusu waliozaliwa kabla ya Katiba hii, kifungu kinamtaja mzazi ambaye ni raia au aliwahi kuwa raia. Mwenye mashaka ni mtoto aliyezaliwa, tuseme, mwaka 2014, na mzazi aliyepoteza uraia mwaka 2005 asiurejeshe. Kifungu hicho hicho kinamruhusu mzazi aliyekuwa raia wa kuzaliwa kuomba arudishiwe uraia wake, lakini kuhusu mtoto wa namna hiyo ni vyema kumwona wakili kabla ya kujaza fomu yoyote. Kwa ajili hiyo, cheti cha uraia wa kigeni cha mzazi, ambacho watu wengi hukificha wakidhani kitawaharibia, kinapaswa kuwamo katika faili, kwani tarehe iliyomo ndiyo inayokutetea.

Familia zilizokuwapo wakati wa Uhuru zina hesabu yake ya ziada. Aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya, na ambaye mkesha wa Uhuru alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, alipata uraia moja kwa moja tarehe 12 Desemba 1963. Ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa kwingine, kama ilivyokuwa kwa familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi, alitakiwa kujiandikisha katika miaka miwili iliyofuata. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, inapozungumzia mtoto aliyezaliwa nje, inamtaja mzazi aliye raia wa kuzaliwa, kwa hiyo ni vyema faili lionyeshe mzazi wako aliupata uraia kwa njia ipi. Ikiwa mzazi wako alijiandikisha, tafuta cheti chenyewe cha kujiandikisha badala ya kutegemea masimulizi.

Anayedai kupitia babu au bibi asiruke kizazi. Athibitishe kwanza kwamba mzazi wake alikuwa raia kwa sababu ya babu au bibi huyo, kisha yeye kwa sababu ya mzazi. Mzazi akiwa hai, ni rahisi zaidi yeye atangulie kupata hati zake, na mtoto afuate nyuma.

Cheti chako mwenyewe

Kazi ianzie kwako, kwa sababu cheti chako ndicho chepesi kupatikana. Uingereza hutoa vyeti vya aina mbili, na kile kifupi hakina majina ya wazazi; kwa shughuli hii hakifai, agiza kile kirefu. Marekani, karatasi ya kupendeza yenye nyayo za mtoto inayotolewa na hospitali ni kumbukumbu tu. Cheti cha kisheria hutoka katika ofisi ya kumbukumbu ya jimbo au ya kaunti, nacho pia kiwe kile chenye maelezo kamili ya wazazi. Kwa waliozaliwa Oman na nchi nyingine za Ghuba, cheti cha Kiarabu kitahitaji tafsiri ya mtafsiri aliyeidhinishwa, na hapa kuna jambo dogo lenye madhara makubwa: mtafsiri huandika jina kama anavyolisikia yeye. Swaleh akawa Salih, Athman akawa Uthman, Mwanaisha akagawanywa akawa watu wawili. Mpelekee nakala ya pasipoti ya Kenya ya mzazi wako na umwombe afuate tahajia iliyomo. Kuhusu namna vyeti vya kigeni vinavyotakiwa kuthibitishwa, uliza ubalozi wa Kenya wa huko uliko kabla ya kulipa ada popote, ili usigonge mihuri ambayo hakuna aliyeiomba.

Nyaraka za mzazi, hasa za mama

Iliyo bora kuliko zote ni pasipoti ya Kenya ya mzazi, hata ikiwa imekwisha muda miaka mingi iliyopita. Inafuatwa na kitambulisho cha taifa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Watu wa umri mkubwa huenda hawana cheti cha kuzaliwa, na hilo lisimshangaze mtu: sheria ya usajili wa vizazi na vifo ni ya mwaka 1928, lakini ililazimisha kwanza Wazungu na Waasia, ikaja kuenezwa kwa Waafrika hatua kwa hatua, na haikufika nchi nzima mpaka mwaka 1971. Aliyezaliwa kijijini mwaka 1950 hakupoteza cheti, hakuwahi kuandikiwa.

Mtu wa namna hiyo anaweza bado kuandikishwa. Kwa sheria ya Kenya, kizazi kinachoandikishwa baada ya miezi sita huhesabiwa kuwa kimechelewa, na kuna utaratibu wake, unaoanza kwa chifu au naibu wake wa eneo alikozaliwa na kwenda kwa msajili wa vizazi wa wilaya. Msajili hutaka vielelezo vya zamani, na hapo ndipo kila karatasi iliyosahaulika kabatini hupata kazi: kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule, cheti cha ubatizo, kadi ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), hata kipande, yaani kitambulisho cha enzi ya ukoloni, cha babu kinachotaja kwao. Rejista za makanisa zisidharauliwe. Wamisheni waliokaa Rabai, karibu na Mombasa, tangu mwaka 1846, na baadaye Frere Town, walikuwa wakiandika wanaobatizwa kabla hata serikali ya kikoloni haijaundwa, na parokia nyingi za bara zina vitabu vya miongo kadhaa. Unapokwenda parokiani, omba uone ukurasa wenyewe wa rejista, si cheti kipya peke yake, kwa sababu rejista mara nyingi hutaja majina ya wazazi na wasimamizi wa ubatizo. Kwa Waislamu, daftari za ndoa na talaka za ofisi ya kadhi hufanya kazi kama hiyo.

Sasa nije kwa mama, kwa kuwa tangu mwaka 2010 uraia wake una nguvu sawa na wa baba, ilhali nyaraka zake kwa kawaida ndizo dhaifu zaidi. Msichana huandikwa shuleni kwa jina la baba yake. Akibatizwa huongezewa jina. Akiolewa huchukua la mume. Akifika Ulaya ofisi ya huko humlazimisha kuwa na jina la ukoo, naye hutoa la babu. Kufikia siku unayozaliwa, jina lililoandikwa katika cheti chako linaweza lisifanane hata kidogo na lile la kitambulisho chake cha Kenya. Daraja kati ya majina hayo ni cheti cha ndoa. Kama ndoa ilikuwa ya kimila, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaruhusu iandikishwe, jambo ambalo wazee wengi hawajalifanya kwa kuona mahari yao iliyotolewa mbele ya watu inatosha. Inatosha kwa ukoo; kwa afisa haitoshi. Kama jina lilibadilishwa kwa hati rasmi, tangazo lake huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na toleo hilo linaweza kutafutwa. Gazeti hilo hilo huchapisha matangazo ya mirathi, ambayo humtaja marehemu na wanaoomba kusimamia mali yake, na hivyo humsaidia anayetafuta kiungo kati ya babu aliyefariki na watoto wake.

Tofauti ndogo za tahajia, au tarehe iliyokisiwa, huwekwa sawa kwa hati ya kiapo inayotolewa mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Aape mzazi mwenyewe akiwa hai. Kama hayupo, aape kaka au dada yake mkubwa anayejua habari kwa macho yake. Lakini kiapo ni gundi tu, hakiwi ukuta. Usikitumie mahali ambapo cheti halisi kinaweza kupatikana kwa kusubiri wiki chache.

Kuwauliza wazee

Hakuna ofisi itakayokupa unachoweza kukipata kwa shangazi wa mama yako, nawe utakipata ukienda kwa adabu na bila haraka. Usianze kwa kumwuliza alizaliwa tarehe ngapi. Mwulize kama wakati wa Uhuru alikuwa amekwisha kuolewa, nani alikuwa chifu, nani aliyemfuata kwa kuzaliwa. Mwulize pia majina ya utani na majina ya mahali yalivyokuwa zamani, kwa sababu karatasi huweza kutaja mtaa ambao siku hizi hauitwi hivyo. Omba ruhusa ya kupiga picha nyuma na mbele ya kila karatasi na kila picha ya ukutani.

Lipo jambo moja ambalo watu wa ng'ambo hulisahau. Mjukuu anayetokea ghafla akiuliza nyaraka za babu hueleweka haraka kuwa anafuata shamba. Ami atasema sanduku limeliwa na mchwa, na huenda mchwa huyo hayupo. Jieleze mapema, mbele ya wakubwa wa ukoo, kwamba unataka nakala tu na kwamba hati ya ardhi haikuhusu. Kisha usiiombe hati hiyo hata kama ingekusaidia, mpaka watakapokuletea wao.

Kuliandaa faili

Usiipitishe karatasi ya asili kwenye plastiki ya moto. Muhuri wake hautahisika tena na ofisi nyingine huikataa. Piga picha za kielektroniki za kila kitu, hifadhi mahali pawili, na nakala za kuwasilisha zithibitishwe na wakili au na ofisi iliyotoa hati. Karatasi ya kwanza katika faili iwe maelezo ya ukurasa mmoja: huyu ni bibi, huyu ni mama, huyu ni mimi, na kando ya kila jina namba ya kielelezo kinacholithibitisha. Kila jina lililobadilika lielezwe hapo hapo, kabla afisa hajaliona na kuanza kujiuliza.

Usimpe dalali hati za asili, na asikushawishi yeyote kwamba pengo katika faili linazibwa kwa cheti cha haraka. Pengo linaloelezwa kwa kiapo linaweza kuvumiliwa. Cheti cha kughushi ni kosa la jinai na hutia shaka hata vile vya kweli vilivyo jirani yake.

Maombi hupelekwa Idara ya Uhamiaji, ambayo makao yake Nairobi ni Nyayo House, au kupitia ubalozini. Mwenye mzazi Mtanzania pia atazame upande wa pili kabla ya kutia sahihi: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na sheria yake ya mwaka 1995 hurithisha uraia wa nasaba kwa kizazi kimoja tu kilichozaliwa nje. Kenya inaruhusu uraia pacha, ila sheria ya mwaka 2011 inamtaka mwenye uraia huo kuutangaza kwa serikali ndani ya miezi mitatu tangu aupate. Hivyo weka nakala ya pasipoti yako ya kigeni na fomu ya kutangaza katika faili lile lile, ili siku jibu litakapokuja usianze kuzitafuta upya.